Kijana ana saa mbili, kikundi kina kazi: Nani atawakutanisha?

JUMAMOSI moja ya mwaka jana nilishuka kwenye bodaboda katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Mvomero, mkoani Morogoro, nikiwa na kompyuta ya mkononi begani na kalamu mbili mfukoni. Nilikuwa nimekwenda kukisaidia kikundi cha akina mama wanaolima nyanya na pilipili hoho kufunga hesabu zao na kuandika andiko la mradi, ili waombe mkopo wa halmashauri. Ahadi hiyo nilikuwa nimeitoa miezi mitatu nyuma.

Mweka hazina wa kikundi aliitikia shikamoo yangu, akanivutia kigoda, akanimiminia uji. Kisha akaniambia kwa upole ulioniuma kuliko kama angenifokea.

"Mwanangu, sisi tulikungoja. Maombi yamefungwa wiki iliyopita. Na hata leo daftari la mapato liko kwa katibu, naye amekwenda msibani Kilosa."

Nilimaliza uji, nikarudi mjini. Siku ilikuwa imekwisha, nauli imekwenda na kazi haikufanyika. Hasara yangu ilikuwa ndogo. Hasara ya wale akina mama ndiyo iliyonikosesha usingizi. Msimu ule ilibidi wachukue mbegu na dawa kwa mkopo kutoka kwa mfanyabiashara wa nyanya, ambaye hulipwa kwa mazao yakiwa bado shambani, kwa bei anayoipanga mwenyewe. Kila mkulima wa mboga anaijua biashara hiyo na anajua nani huondoka na faida.

Ndugu msomaji, mimi ni mchumi wa kilimo. Nimefundishwa kwamba pale mwenye bidhaa na mwenye kuihitaji wanapokosana, tusikimbilie kulaumu roho ya mtu, bali tuangalie soko lao limepangwaje. Mimi sikukosa nia ya kusaidia. Akina mama hawakukosa shida ya kusaidiwa. Kilichokosekana ni mpango wa kutukutanisha kwa wakati, kazi ikiwa tayari.

Ndipo mimi na wenzangu wawili, mmoja mtaalamu wa kompyuta na mwingine mhasibu, tulipoanza kuchora programu ya simu itakayowasaidia vijana wenye kazi nyingi mjini kupata kazi za kujitolea kwa wakulima. Makala haya yanaeleza tulikokosea, tulichojifunza kwa wengine na jinsi tunavyoona huduma kama hiyo inapaswa kupangwa.

Tulianza upande usio sahihi

Mchoro wetu wa kwanza ulikuwa mzuri kwa macho. Kijana angeandika jina lake, elimu yake, ujuzi wake na saa alizonazo kwa wiki. Angeweka na picha. Tulitumia jioni nne kubishana kuhusu rangi.

Jioni ya tano mhasibu wetu akauliza swali moja tu: huyu kijana akishajiandikisha, akifungua simu yake Jumamosi asubuhi, ataona nini?

Hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumejenga duka lenye mlango mzuri na rafu tupu. Tulidhani kazi zitakuja zenyewe kwa kuwa shida vijijini ni nyingi. Lakini shida si kazi. Mtu akisema "kikundi chetu kinahitaji msaada wa hesabu", ametaja shida. Akisema "tuna risiti za miezi sita, tunataka ziingizwe kwenye daftari la mapato na matumizi, risiti ziko kwa mweka hazina, naye yupo nyumbani Jumamosi kuanzia saa 3 asubuhi", hapo ndipo ametaja kazi. Kijana mwenye saa mbili anaweza kuifanya kazi. Shida humtisha, akaahirisha, kama nilivyoahirisha mimi kwa miezi mitatu.

Muda upo, ila umekatwakatwa

Wako wanaosema vijana wa leo hawajitolei, wanajali simu na mpira tu. Sikubaliani nao, na ushahidi wangu ni kamati za harusi.

Mtazame karani wa benki, mwuguzi au mwalimu wa sekondari mwenye miaka 28. Anatoka kazini jioni, Jumamosi anafanya kazi hadi mchana, ana duka dogo la mtandaoni au kuku wa mayai nyumbani. Mwulize kama ana nafasi, atakuambia hana hata dakika. Lakini kijana huyohuyo huhudhuria vikao vya harusi ya rafiki yake kila Jumapili kwa miezi miwili, hufuatilia michango, hupanga magari na husimamia chakula siku ya shughuli. Halipwi kitu. Na pakitokea msiba mtaani, utamkuta usiku akipanga viti.

Kwa nini huko anapata muda? Kwa sababu kamati ya harusi ina tarehe isiyohama. Ina mwenyekiti anayepiga simu. Kila mjumbe amepewa kazi yake yenye mwanzo na mwisho. Mtu akifika kikaoni anawakuta watu, na akitoweka anaulizwa. Hata msaragambo wa wazee wetu ulikwenda hivyohivyo: siku ilijulikana, mfereji wa kuchimba ulijulikana, na kila kaya ilijua kipande chake. Majirani zetu wa Rwanda wana umuganda kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na hakuna anayehitaji kuulizwa kama ana nafasi siku gani.

Kwa hiyo moyo wa kujitolea hatuhitaji kuuagiza kutoka nje. Tunahitaji kuzipanga kazi za vikundi vya wakulima kama zinavyopangwa kazi za kamati ya harusi.

Somo kutoka Uingereza

Jambo hili liliwakuta hata wenzetu wenye fedha na mitambo. Machi 24, 2020, ugonjwa wa corona ulipokuwa ukienea, Serikali ya Uingereza iliomba watu 250,000 wajitolee kusaidia huduma ya taifa ya afya kwa kupeleka dawa, kusafirisha wagonjwa na kuwapigia simu wazee waliojifungia ndani. Kazi zilikuwa zinagawiwa kupitia programu ya simu. Ndani ya siku chache walijiandikisha watu 750,000, yaani mara tatu ya walioombwa, na uandikishaji ukasimamishwa kwa muda.

Kilichofuata ndicho chenye somo. Wengi wa waliojiandikisha waliwasha simu zao, wakasubiri siku na wiki bila kupewa kazi yoyote. Mahospitali, maduka ya dawa na ofisi zilizotakiwa kuleta maombi ya msaada zilihitaji muda kuuzoea mfumo huo. Upande wa watu ulijaa haraka. Upande wa kazi ulijazwa polepole.

Mkulima wa mpunga wa Dakawa ataelewa hali hiyo bila kueleweshwa. Ni sawa na kuleta malori 30 shambani siku ambayo mpunga haujavunwa. Dereva akirudi mtupu leo, siku utakapomwita kwa kweli hatakuja.

Kazi ya dakika chache

Mfano wa pili unatoka Denmark. Fundi wa samani aitwaye Hans Jørgen Wiberg, mwenye ulemavu wa kuona, alianzisha huduma ya Be My Eyes, iliyozinduliwa Januari 2015. Asiyeona akihitaji macho ya mtu kwa muda mfupi, kwa mfano kusoma tarehe ya mwisho ya kutumika iliyoandikwa kwenye pakiti ya maziwa, hubonyeza simu yake. Simu huita kwa watu kadhaa waliojiandikisha, na wa kwanza kupokea huona kupitia kamera ya mwenzake na kumsomea. Ambaye yuko kazini haipokei, na hakuna anayemlaumu, kwa kuwa simu imeshakwenda kwa mwingine.

Leo waliojitolea katika huduma hiyo wanahesabiwa kwa mamilioni, wakati wasioona wanaoitumia ni mamia ya maelfu. Siri yake ni kwamba kazi ni ndogo, inaanza na kuisha hapohapo, na haimtaki mtu aahidi kitu kuhusu wiki ijayo. Kijana mwenye shughuli nyingi huogopa ahadi ndefu kuliko anavyoogopa kazi.

Si kila kazi ya kikundi cha wakulima inaweza kukatwa hadi dakika chache. Lakini ziko nyingi kuliko tunavyodhani. Kumsomea mkulima maelekezo ya dawa ya kuua wadudu yaliyoandikwa kwa Kiingereza ni dakika tano, na zinaweza kumwepusha na sumu. Kupitia barua ya kikundi kabla haijapelekwa kwa mtendaji wa kata ni dakika 15.

Ramani za Dar es Salaam

Mfano wa tatu uko hapa kwetu. Mwaka 2015 ulianza mradi wa Ramani Huria jijini Dar es Salaam. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wakazi wa mitaa husika, walichora ramani za kata zinazokumbwa na mafuriko, wakionyesha mifereji, njia na nyumba, kazi ambayo baadaye iliendelea hadi kata nyingine.

Katika uchoraji wa aina hiyo, unaofanywa pia na watu wa nchi mbalimbali wakiwa majumbani mwao kupitia mpango wa Missing Maps ulioanza mwaka 2014, eneo kubwa hukatwa kuwa viraba vidogo. Mtu huchukua kiraba kimoja, huchora barabara na nyumba anazoziona kwenye picha ya satelaiti, kisha hukirudisha. Mwingine mwenye uzoefu zaidi hukikagua. Aliyeishia njiani anakiachia kiraba, na mwenzake anaendelea alipofika.

Hapo kuna mambo mawili ya kuiga. Kwanza, kazi kubwa imegawanywa na mtu anayeijua, kabla mwenye kujitolea hajafika. Pili, kuna ukaguzi. Kujitolea hakumpi mtu ruhusa ya kufanya vibaya. Hesabu zilizofungwa ovyo na mtu wa bure zinaweza kukigharimu kikundi kuliko kutofungwa kabisa.

Saa ni kama nyanya

Tuje sasa kwenye uchumi wake. Saa ya mtu ni bidhaa inayooza upesi kuliko nyanya. Nyanya itakaa gengeni siku tatu, nne. Saa mbili za Jumamosi mchana zisipotumika Jumamosi hiyo, zimekwenda, na huwezi kuzihifadhi ghalani usubiri bei. Ndiyo maana gharama kubwa katika soko la kujitolea si kazi yenyewe, bali ni gharama ya kutafutana, kuaminiana na kufikiana.

Tuchukue mfano. Kijana anatoka mjini kwenda kijijini kwa nauli ya Sh4,000 na kurudi kwa Sh4,000. Njiani anatumia saa mbili kwa jumla, na kazi yenyewe ni saa mbili. Mambo yakienda sawa, kazi moja imegharimu Sh8,000 na saa nne. Lakini kama katika kila safari mbili moja inakwama kwa sababu daftari halipo au mwenyeji amesafiri, kazi moja iliyokamilika imegharimu Sh16,000 na saa sita. Mara ya tatu huyo kijana hutamwona, na usiseme amekosa uzalendo.

Sasa geuza mpango. Mweka hazina, au mtoto wake mwenye simu janja, anapiga picha za risiti na kuzituma Ijumaa jioni. Kijana anaziingiza kwenye jedwali akiwa chumbani kwake, kwa bando la Sh1,000. Safari inabaki moja tu, ya kukaa na wanakikundi, kuwasomea hesabu na kujibu maswali yao. Na kama siku hiyohiyo kijiji cha jirani kina kazi nyingine, wanasafiri vijana wawili kwa pikipiki moja na nauli inagawanywa. Kijana ni yuleyule na saa zake ni zilezile. Kilichobadilika ni utaratibu.

Faida upande wa pili inaweza kuwa kubwa. Kwa mujibu wa sheria, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji wa mikopo hiyo ulisitishwa Aprili 2023 ili utaratibu wake urekebishwe, ukarejeshwa mwaka 2024. Kikundi kinachoomba hutakiwa kiwe kimesajiliwa, kiwe na katiba, akaunti ya benki na andiko la mradi linaloeleweka. Kwa mhitimu wa chuo andiko la kurasa nne ni kazi ya mchana mmoja. Kwa kikundi cha akina mama waliomaliza darasa la saba ni mlima, na mara nyingi hulipia kuandikiwa na watu wa vibanda vya kompyuta wasiojua nyanya huuzwaje.

Vyama vya ushirika vya mazao navyo vina mahitaji ya aina hiyo. Chama kisichoandika vitabu vyake mwaka mzima hakiwezi kutarajia hati safi mkaguzi wa COASCO akifika, na mwanachama ndiye anayeumia makato yasipoeleweka.

Programu yenyewe iweje

Kutokana na mafunzo hayo tulifuta mchoro wetu wa kwanza, tukaanza upya tukiwa na sheria saba.

Kwanza, ianze na kazi. Kijana asifunguliwe mlango kabla hakuna kazi za kutosha zilizokwisha kuandaliwa katika eneo lake. Ni afadhali vijana 20 wenye kazi kuliko vijana 2,000 wanaosubiri.

Pili, kazi ziwe na madaraja, kama tunavyopanga madaraja ya mazao. Sisi tulichagua matatu: dakika 15, saa mbili na nusu siku. Kila kazi ieleze kinachotakiwa kupatikana mwishoni, vifaa vilivyopo, jina la mwenyeji atakayempokea mgeni, na kama inaweza kufanyika kwa mbali. Kazi isiyo na mwenyeji isionyeshwe.

Tatu, upande wa mkulima usidai simu janja. Wengi vijijini wanatumia simu za kitochi. Kikundi kiweze kuomba msaada kwa ujumbe mfupi au kwa kubonyeza namba za menyu, kama wanavyofanya kila siku kutuma na kupokea fedha kwa simu. Maombi hayo yapokewe na mratibu, mtu halisi, atakayepiga simu na kuuliza maswali hadi shida igeuke kuwa kazi. Hakuna kompyuta itakayomfanyia kazi hiyo vizuri kuliko mtu anayeijua wilaya na lugha ya wakulima wake.

Nne, iwe na uthibitisho wa pande zote mbili. Siku moja kabla, kijana na mwenyeji waulizwe: bado upo? Vitu viko tayari? Mmoja akijibu hapana, kazi ihamishwe kwa mwingine au siku nyingine bila lawama. Ujumbe huo mmoja ungeniokolea safari yangu ya Mvomero.

Tano, nauli irudishwe kwa simu baada ya mwenyeji kuthibitisha kwamba kazi imefanyika. Si posho, ni nauli. Tukiwaachia vijana gharama hiyo, watakaojitolea ni watoto wa wenye nacho peke yao, na kijana aliyekulia kijijini, anayeyajua matatizo hayo kuliko wote, atabaki nje.

Sita, usalama. Kila anayejiandikisha atambuliwe kwa kitambulisho cha Taifa na mdhamini mmoja. Mwenye kujitolea asishike fedha za kikundi, asiombe namba ya siri ya simu wala ya benki ya mtu yeyote, na asiwe mtia saini wa akaunti. Safari za vijijini ziwe za watu wawili wawili, mchana, na mratibu ajue wamefika na wameondoka. Taarifa za watu zihifadhiwe kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Hesabu za kikundi ni siri ya kikundi. Picha za risiti zifutwe kazi inapokwisha.

Saba, iwe nyepesi. Programu inayomeza bando na kujaza simu itaondolewa siku ya pili. Orodha ya kazi za wiki ni maandishi tu. Ifunguke hata mahali ambapo mtandao unakuja na kuondoka.

Kujitolea si ajira ya bure

Hapa kuna hatari ambayo sitaki kuificha. Katika nchi yetu neno "kujitolea" limepata maana ya pili. Wahitimu wengi hujitolea shuleni, zahanati na maofisini mwaka mzima au zaidi, wakifanya kazi kamili kila siku bila mshahara, wakitumaini kwamba nafasi ikitoka watakumbukwa. Mtu huyo hatoi saa mbili zake za ziada. Yuko kwenye foleni ya ajira, na foleni haina mwisho unaojulikana.

Programu ya simu ikipangwa vibaya inaweza kuirahisisha tabia hiyo. Mwajiri mjanja atatangaza "nafasi ya kujitolea" ya mhasibu wa siku tano kwa wiki, na vijana 100 watabofya. Kwa hiyo tumeweka mpaka. Kazi yoyote inayozidi nusu siku kwa wiki, au inayomtaka mtu arudi kila siku, haipokewi. Kampuni binafsi inayotafuta faida haipokewi. Na kijana asipewe kazi ya ofisa ugani. Hapaswi kuandika ushauri wa dawa wala mbolea kama hana taaluma hiyo. Anaweza kumsomea mkulima karatasi, lakini uamuzi wa kitaalamu unabaki kwa mtaalamu.

Pamoja na hayo, si haki kumwambia kijana asitarajie chochote. Anayefanya kazi nzuri apewe kumbukumbu inayothibitika: amefunga hesabu za vikundi vingapi, kwa saa ngapi, na nani alikagua. Maelezo hayo yatamsaidia akiomba kazi kuliko cheti chenye maua pembeni ambacho kila aliyehudhuria semina anacho.

Tuanze na daftari

Baadhi ya wasomaji watauliza: programu hiyo inapatikana wapi? Jibu langu ni kwamba bado haipo kwenye simu, na nimeridhika kwamba haipo. Kwa sasa ni daftari, namba moja ya simu na kundi la WhatsApp la marafiki. Mhasibu wetu ndiye mratibu. Yeye hupokea maombi, huuliza maswali, huandika kazi kwa sentensi tatu na kuituma kundini Alhamisi jioni. Anayeweza hujibu "yangu".

Daftari hilo limetufundisha mambo ambayo mchoro haukutuonyesha. Tumeona kwamba kazi isiyo na jina la mwenyeji haichukuliwi, hata ikiandikwa kwa maneno matamu. Tumeona kwamba watu hukubali haraka zaidi wakiambiwa kazi itaisha saa ngapi. Tumeona pia kwamba vikundi huona haya kusema kazi haikuwa nzuri, kwa kuwa mgeni amekuja bure na amekula chakula chao. Kwa hiyo swali la "je, umeridhika?" halifai. Swali linalofaa ni "je, mmeitumia ile kazi, na kwa nini?"

Ushauri wangu kwa vijana wa kompyuta wanaotaka kujenga huduma za namna hii, iwe kwa wakulima, wagonjwa au shule, ni kwamba wasianze na seva. Waanze na kata moja, msimu mmoja na mratibu mmoja. Wafuate kalenda ya wenye shida: wakati wa kupalilia hakuna mama atakayekaa na wewe juu ya hesabu, lakini baada ya mavuno na kabla ya maombi ya mikopo kufunguliwa watakutafuta. Utaratibu ukishakwenda kwa daftari bila kukwama, hapo kompyuta itaufanya uende haraka. Ukikwama kwa daftari, kompyuta itaukwamisha kwa kasi zaidi.

Na wapime kitu sahihi. Wafadhili hupenda kuambiwa watu wangapi wamepakua programu. Idadi hiyo haimsaidii mkulima. Tuhesabu kazi zilizoombwa, zilizokamilika na zilizotumika, pamoja na siku zilizopita kati ya ombi na kazi. Mimi nilichukua miezi mitatu. Huduma nzuri ichukue siku saba.

Halmashauri nazo zina nafasi yao. Ofisa maendeleo ya jamii wa kata anavijua vikundi vyake vyote na anajua kipi kimekwama kwa kukosa katiba na kipi kwa kukosa andiko. Akiwa na namba moja ya kupeleka orodha hiyo miezi miwili kabla ya maombi kufunguliwa, vijana wa mjini watakuwa na kazi za Jumamosi nane mfululizo.

Nilirudi Mvomero baadaye, safari hii baada ya kupiga simu siku moja kabla na kuambiwa daftari lipo mezani. Risiti zilikuwa zimeshatumwa kwa picha. Tulianza saa 4 asubuhi, saa 6 tulikuwa tumemaliza. Katika hesabu zile mweka hazina aliona kwa mara ya kwanza kiasi ambacho mfanyabiashara wa nyanya aliwakata katika msimu ule niliochelewa. Aliitazama namba ile kwa muda, akaizungushia duara kwa kalamu yangu.

"Hii ndiyo tutaiandika kwenye andiko," akasema. "Wajue kwa nini tunataka mkopo."

Andiko limekwisha kuandikwa, nalo limewasilishwa. Majibu ya halmashauri tunayasubiri.

Mwandishi wa makala haya ni mchumi wa kilimo anayeishi Morogoro.